Badala ya Vyombo

Duka la Shangazi lilijaa vyombo mpaka darini. Ukiingia ilikubidi ubane viwiko, maana kushoto sufuria zimebebana, kulia seti za sahani zimepangwa ndani ya maboksi yenye picha ya maua, na juu ya kichwa chako chupa za chai zinaning'inia kwa kamba kama zinasubiri ukosee. Mtaani hawakumwita kwa jina. Alikuwa Mama Vyombo, na harusi ya mtaa ule ilipita kwanza kwenye kaunta yake ndipo ikaenda ukumbini.

Nyuma ya kaunta, kwenye kigoda, alikaa binti wa kaka yake. Aliletwa pale mwezi mmoja baada ya kumzika mama yake, cheti cha darasa la saba kikiwa bado kinanuka wino, na baba akapotelea alikopotelea. Kazi yake ilikuwa kufunga zawadi. Karatasi ya kung'aa, kona mbili mbili, utepe, ua la utepe. Hakuwa msemaji. Shangazi akampachika jina la Bubu, mwanzo kwa mzaha, kisha mzaha ukaisha jina likabaki.

Bubu hakusema, lakini macho alikuwa nayo. Aliona kwamba seti za sahani hazifiki mbali. Mteja ananunua, yeye anafunga, Jumamosi wanatunzwa maharusi. Wiki mbili hazijapita, bibi harusi huyo mlangoni, kitenge amekivuta mpaka puani kwa aibu. Ana seti sita za sahani na godoro hana. Shangazi anampa nusu ya bei, "nakusaidia tu mwanangu, biashara yenyewe iko wapi siku hizi," na seti inarudi rafuni bila kuonja hata punje ya wali. Bubu anabandika bei mpya juu ya ile ya zamani, mambo yanaendelea. Mle dukani kulikuwa na maboksi yaliyohudhuria harusi nyingi kuliko mpiga picha.

Jambo jingine aliloliona ni kucha za wateja. Hakuna mtu aliyekuta stika ya bei akaiacha salama. Ataongea habari za mvua, atauliza hali ya watoto, na huku ukucha wa kidole gumba unabandua taratibu, aone chini kumeandikwa nini.

Huyu Bubu sasa naye alikuwa anaolewa.

Mchumba wake alikuwa fundi wa kuchomelea mageti. Walijuana siku alipokuja kutia nondo dirisha la duka, na kwa kuwa Shangazi alimpunja malipo akarudi mara nne kudai, mara ya nne hakudai tena pesa. Shangazi hakupinga. Tena alifurahi kupita kiasi, na furaha ya Shangazi ilikuwa kitu cha kuangaliwa kwa makini.

"Mtakaa hapa hapa, chumba cha nyuma," alisema. "Maboksi tutayasogeza. Wewe unaendelea kufunga, mwenzio anatengeneza mashelfu. Kodi ya nini kwa watu wa nyumba moja?"

"Na mshahara, Shangazi?"

"Mshahara! Unakula kwangu, unalala kwangu, mshahara utaupeleka wapi, Bubu wee? Benki?"

Chumba cha nyuma kilikuwa hakina dirisha. Bubu alilala humo miaka saba. Na huko ng'ambo ya barabara, mkabala na karakana ya Fundi, kulikuwa na nyumba ya vyumba viwili, dirisha linatazama jua la asubuhi, mlango una ufunguo wake. Mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Akiba ya Fundi yote ilishamezwa na ukumbi na viti. "Nawashikia mpaka Jumatatu baada ya harusi," mwenye nyumba alisema. "Jumanne nampa mwingine, na msinililie."

Ndiyo maana Bubu akaenda kwa mchapaji wa kadi, bwana mmoja vidole vyeusi wanayemwita Wino.

"Nataka mstari mmoja chini," alimwambia. "Wa kuomba watu walete bahasha, siyo zawadi. Lakini kwa adabu."

Wino akajikuna shingo. "Tuweke, 'Kuja kwako ndiyo zawadi yetu kubwa'?"

"Wakiamini hivyo watakuja mikono mitupu."

"Haya. 'Michango ya fedha inapokelewa.'"

"Hiyo ya msibani."

"'Usilete chombo, lete chapaa.'"

Bubu akamwangalia tu. Wino akacheka peke yake, akaona hachekewi, akarudi kwenye mashine. Walikaa saa nzima wakipima maneno kama wanapima dhahabu. Mwisho ukaandikwa hivi, kwa herufi ndogo za mlazo: *Kwa heshima na upendo, atakayependa kutushika mkono, tunamwomba atushike kwa bahasha badala ya vyombo.*

"Shangazi yako ameuona?" Wino aliuliza.

"Atauona."

"Siku hiyo mimi nitakuwa nimesafiri."

Hakusafiri, ila alikosa subira. Kadi zilipokuwa tayari alizipeleka mwenyewe dukani, akaziweka kaunta, akachukua malipo kwa Shangazi na kutoka mbio. Shangazi asubuhi ile alikuwa kwenye raha zake. Alishika mashine ya kubandika bei, ile inayolia *kacha, kacha*, akipandisha bei ya seti zote za sahani. Zilikuwa thelathini na nane elfu, akazifikisha arobaini na tano.

"Wageni wa harusi yako hawatashindwa," alimwambia Bubu. "Mtu akija kununua zawadi ya mtoto wangu mimi, ataanza kuvutana bei na mimi? Hana haya?"

Mwalimu mmoja wa kike aliyekuja kununua vikombe akaichukua kadi ya juu. Shangazi akamwambia asome kwa sauti, yeye miwani imo kwenye droo. Miwani ya Shangazi siku zote ilikuwa kwenye droo, kwa sababu ilimfanya aonekane bibi. Mwalimu akasoma kama anasomea darasa. Majina ya wazazi, tarehe, ukumbi. Shangazi anatikisa kichwa kwa madaha. Kisha mwalimu akafika chini, na kwa kuwa alizoea kusoma mpaka nukta, hakuruka kitu.

"...badala ya vyombo."

Kacha ikanyamaza.

"Rudia hapo," Shangazi alisema.

Mwalimu akarudia, sauti imeshuka. Akaviacha vikombe juu ya kaunta, akakumbuka ana safari.

"Badala ya vyombo," Shangazi alisema polepole, kama mtu anayetafuna mchanga. "Mimi ni nani mtaani hapa, Bubu? Niambie. Mimi ni Mama nani?"

"Mama Vyombo."

"Na wewe harusi yako umeandika nini?"

Bubu akavuta utepe, akaanza kuukunja.

"Nimekuokota, nimekulisha, nimekuvisha, unakwenda kunivua nguo kwa herufi za mlazo! Na kadi nimelipia mimi! Nimelipia matusi yangu mwenyewe!" Alizunguka kaunta, sufuria zikagongana. "Unataka bahasha za nini? Una shida gani ambayo sijakutimizia? Sema! Leo sema! Si una mdomo wa kuandika?"

Hapo ndipo Bubu alipaswa kusema habari ya nyumba. Neno lilifika kwenye meno likarudi. Alijua Shangazi akishaijua ile nyumba, kesho yake mwenye nyumba ataambiwa kwamba wapangaji wale ni wezi. Akatazama chini.

"Bubu kweli kweli," Shangazi alisema, akasonya. Akaikamata ile mashine ya bei, akavuta kadi ya kwanza, na *kacha, kacha, kacha*, akabandika stika tatu sambamba juu ya mstari. Ukafunikwa wote. Akaitupa kando, akavuta ya pili. "Tuone sasa nani atashikwa mkono kwa bahasha. Andika majina kwenye bahasha zake, upesi, nizifunge mwenyewe. Na ole wako nione moja imebanduliwa."

Bubu akachukua kalamu. Akaivuta kadi ya kwanza karibu.

Mashine ilikuwa haijarudishwa kwenye stika tupu, zisizo na bei. Kwenye kila stika, kwa wino wa zambarau uliopauka, ilisomeka 45,000. Mara tatu.

Kalamu ikasimama. Shangazi alikuwa ameinamia kadi, jasho linamtoka puani, anapiga mashine kama anachinja. Bila miwani, kwa hasira ile, asingeona hata ingekuwa na picha ya ng'ombe. Ilikuwa ni neno moja tu. *Shangazi, zina bei.* Wangezibandua, wangebandika tupu, na mstari ungezikwa salama.

Bubu alizijua kucha za watu. Akaandika jina la kwanza kwenye bahasha, akafuatisha la pili. Kadi ya mwisho ilipofungwa alikuwa hajasema kitu, na safari hii hakunyamaza kwa woga.

Siku ya nne, ilipokaribia saa tano, aliingia dukani baba mkubwa wa Fundi. Ni mwenye bucha, mtu wa kifua kipana, na ndiye aliyekuwa msemaji wa upande wao. Nyuma yake aliingia Fundi, uso umekunjamana. Dukani kulikuwa na wateja watatu. Baba Mkubwa hakuwasubiri watoke.

"Shikamoo, baba," Bubu alisema.

"Marahaba, ingawa sijui kama hata salamu hapa haina bei." Akaitoa kadi mfukoni, akaipiga juu ya kaunta. Stika zilikuwa zimebanduliwa nusu na mstari unachungulia kwa chini. "Mama Vyombo, nimeuza nyama miaka thelathini. Sijawahi kuona harusi ina kiingilio."

"Kiingilio gani?"

"Elfu arobaini na tano, mara tatu! Nyumbani watu wanabishana. Mke wangu anasema ni ya baba, ya mama na ya mtoto. Mdogo wangu anasema hapana, ya tatu ni ya kuegesha gari. Na sisi gari hatuna! Tumekuja kuoa au tumekuja mnadani?"

Mteja mmoja alicheka, akajifanya anakohoa.

Shangazi alivuta droo kwa kishindo, akavaa miwani mbele ya watu. Akasoma. Rangi ikamtoka. Kisha akageuka, na kidole chake kilikuwa tayari kimenyooka.

"Ni huyu! Huyu bubu wenu! Ndiye anayebandika bei humu ndani!"

Fundi akamtazama mchumba wake. "Ni wewe?"

Bubu akasimama kutoka kwenye kigoda. Wateja wengi walikuwa hawajawahi kumwona amesimama. Akaichukua mashine ya bei kutoka kiunoni mwa Shangazi, alikoichomeka kwenye kanga, akaibonyeza mara moja juu ya kaunta. *Kacha.* 45,000.

"Hii hanipi niishike," alisema. "Bei anapanga mwenyewe, mimi nabandika zikishatoka. Wiki hii amepandisha sahani kwa ajili ya harusi yangu. Stika zile amebandika yeye, kwa mkono wake, kuficha mstari."

"Muongo!" Shangazi alipiga kelele.

"Mstari ni wangu. Hiyo siikatai."

"Na ulipoona bei?" Fundi aliuliza, sauti chini. "Majina umeandika wewe. Uliziona?"



"Niliziona."

"Ukanyamaza. Ukanipa furushi la bahasha niwapelekee wazee wangu."

"Nilijua watabandua. Nilitaka wausome mstari."

Fundi akauma midomo, akatazama pembeni. Hilo lilimchoma Bubu kuliko kelele zote za Shangazi.

"Basi wote wawili mmetufanya majuha," Baba Mkubwa alisema. "Mmoja kwa ulafi, mwingine kwa ujanja. Sisi Jumamosi hatuji."

Akaanza kutoka. Bubu akamuwahi mlangoni, kati ya ndoo na mabeseni, akamzibia njia. Hakujua miguu ilipata wapi ujasiri.

"Baba, nisikilize kwanza, ndipo usije. Miaka saba nalala chumba cha nyuma, hakina dirisha. Tukioana, chumba ni hicho hicho, na kijana wako atafanya kazi bure kama mimi. Kuna nyumba mkabala na karakana. Wanataka kodi ya miezi sita, mwisho Jumatatu. Mkituletea sahani, nitazirudisha hapa kwa nusu bei kama wanavyorudisha wote, nilale tena humo. Sina nia ya kuuza harusi. Nataka mlango."

Baba Mkubwa akakunja mikono kifuani.

"Sasa kwa nini hukuandika hivyo?" Baba Mkubwa aliuliza.

"Tulikuwa tunatafuta maneno ya adabu."

Mzee akamtazama kama anayepima nyama bila mizani. "Adabu," alisema. "Ungekuja buchani ukaniambia haya kwa mdomo, nisingelala siku tatu nikihesabu magari." Akamsogeza pembeni kwa mkono mmoja, akatoka. Hakusema anakuja, hakusema haji. Fundi akamfuata bila kugeuka.

"Umekwisha," Shangazi alisema nyuma yake, taratibu, akikunja miwani. "Umenianika mbele ya wateja. Harusi yako nitakuja, watu wasinicheke. Ila ile nyumba unayoiota, ukiikosa, usigonge hapa. Chumba cha nyuma najaza maboksi leo hii."

Na kweli alikijaza. Bubu siku zilizobaki alilala kwa mke wa Wino, kwenye kochi fupi, miguu nje.

Jumamosi ukumbi ulikuwa na mapengo. Safu za mbele upande wa Fundi zilikaa wazi mpaka bwana na bibi harusi wakaingia. Bubu alitembea akiviona viti vile tu, vyeupe, vitupu, vimepangwa kama meno. Fundi alimshika mkono, lakini aliushika kama anavyoshika chuma asichojua kama kimepoa. "Bado nina hasira na wewe," alimnong'oneza huku anatabasamu kwa mpiga picha.

"Najua."

"Siku nyingine niambie mimi kwanza."

"Nitakwambia."

Walipofika mbele, mlango wa nyuma ukafunguka. Baba Mkubwa aliingia na ukoo mzima, watoto kwa wazee, wamevaa vizuri na wamenuna vizuri. Alipita katikati, akafika kwenye meza ya zawadi, akaweka bahasha nene ya kaki ya kufungia nyama. Akasema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni: "Kodi. Gari tumeacha nyumbani!"

Watu wakacheka, wengine bila kujua wanacheka nini. Bahasha zikaanza kushuka. Walikuwepo walionuna, walikuwepo waliotia noti moja iliyochakaa, na mwalimu wa kike aliacha bahasha akakimbia kabla Shangazi hajamwona. Boksi lililokuja ni moja tu. Lilibebwa na Shangazi mwenyewe, akasimama mbele ya maharusi, akalisukuma mikononi mwa Bubu.

"Seti ya sahani," alisema, meno nje, macho makavu. "Utanirudishia tu. Wote hunirudishia."

Jumatatu mwenye nyumba alitoa ufunguo. Vyumba vyenyewe vilikuwa vitupu, sauti inarudi. Walikuwa na mkeka, sufuria moja na lile boksi. Bubu alikaa nalo chini ya dirisha, akafungua karatasi. Ilikuwa imeshatumika; mkunjo wa kona ulikuwa wake, aliukunja mwenyewe, hata hakumbuki harusi ya nani. Akatafuta stika. Ukucha ukaanza kazi.

Elfu arobaini na tano. Chini yake, thelathini na nane. Chini yake, thelathini na mbili. Kisha ishirini na saba. Na mwisho kabisa, kwenye boksi lenyewe, bei ya kalamu, ya enzi za kabla ya mashine: 18,000, na ile nane imeandikwa kwa viduara viwili, kimoja juu ya kingine, kama anavyoandika mtoto aliyetoka shule jana. Alikitambua kile kiduara cha juu, kidogo kuliko cha chini. Ni yeye aliyekiandika, wiki yake ya kwanza dukani, macho yamevimba kwa kilio.

Akanyanyuka, akabandika sufuria jikoni.

Shangazi alingoja wiki mbili. Siku ya kumi na tano alivuka barabara mwenyewe, noti za nusu bei amezikunja kiganjani, akasimama mlangoni bila hodi.

"Haya, Bubu. Seti yangu iko wapi? Nina mteja."

Bubu alikuwa anakula. Fundi alikuwa anakula. Sahani zenye maua zilikuwa zimejaa maharage, na nyingine zimesimama kwenye chanja cha nondo alichochomelea Fundi, zinachuruza maji juani. Moja ilishapata ufa.

"Mmezitumia," Shangazi alisema. Alilisema kama mtu anayetaja maiti.

Bubu alimaliza tonge alilokuwa nalo mdomoni, bila haraka. Akaingia chumbani, akatoka na boksi, tupu, limefungwa vizuri, stika zote nne zimepangwa ubavuni kama alivyozikuta.

"Boksi hili hapa, Shangazi."

Shangazi alilitazama boksi, akamtazama yeye, akasonya. Lakini boksi zima lenye picha ya maua haliachwi hivi hivi. Akalitia kwapani, akavuka barabara nalo, na upepo ukawa unalivuta huku na huku kwa wepesi wake.

Bubu akakaa chini, akavuta sahani yake.

"Ongeza," alimwambia mumewe. "Hizi zina njaa ya miaka saba."